Wadogo zangu mnaokwenda Guangzhou, China, someni viza kwanza

Wiki mbili zilizopita kijana wa fremu ya jirani, hapa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, alikuja kuniaga. Tiketi anayo, pesa ya mzigo anayo, anafuata magauni. Akaniambia kwa furaha kwamba katikati ya safari atapitia Hong Kong siku moja kuangalia simu. Nikamwomba pasipoti, nikaweka kidole kwenye viza: idadi ya kuingia, 01.

"Dada, si wamenipa siku 30?"

Siku 30 ndiyo, lakini mlango ni mmoja. Huyu ni wa tatu mwaka huu, kwa hiyo naandika.

1. Hong Kong ilirudishwa China mwaka 1997, lakini ina uhamiaji wake na pesa yake. Ukivuka kwenda huko umetoka China, na viza ya mara moja imekufa hapo hapo, hata kama China ulikuwa umekaa siku nne tu. Macau ni hivyo hivyo.

Mimi sikuambiwa. Ilikuwa safari yangu ya pili. Nilikuwa nimeacha arbuni ya asilimia 30 kwa magauni 600, duka moja karibu na stesheni ya treni, na mzigo ungekuwa tayari baada ya siku tano. Mwenzangu akasema tusikae bure. Tukapanda treni hadi Shenzhen, mji wa mpakani, tukavuka kwenda Hong Kong kwa miguu kwenye kituo cha Luohu. Afisa alinigongea mhuri wa kutoka bila neno. Jioni tunarudi, mwenzangu akapita, kumbe yake ilikuwa ya kuingia mara nyingi. Yangu afisa aliipekua, akarudi kwenye ule ukurasa, akagusa ile 01, akatikisa kichwa. Nilimwonyesha kadi ya hoteli, nikamwonyesha risiti ya arbuni. Akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akaita anayefuata.

Sanduku langu lilikuwa hotelini Xiaobei, kule Guangzhou. Mkononi nilikuwa na mkoba na yuan 600. Usiku ule nililala Chungking Mansions, jengo la vyumba vya bei rahisi huko Hong Kong, kwenye chumba ambacho kitanda kiligusa kuta tatu, na sikufumba jicho kwa kupiga hesabu. Pesa ya tiketi mpya ya kurudi Dar alinitumia mume wangu, ada ya shule ya watoto ikiwa humo humo. Hilo bado linaniuma.

Mzigo nao? Nililipa ile asilimia 70 nikiwa nyumbani, wakala akaenda kuuchukua. Wakala analipwa kwa CBM, yaani ujazo wa mzigo, hafungui robota. Ulipofika Kariakoo nikakuta lebo zote zimeandikwa XL, lakini ni XL ya Kichina, haimwingii mama wa kawaida wa hapa. Nusu niliuza chini ya bei niliyonunulia.

Kwa hiyo ombeni viza ya kuingia mara mbili kama mna mpango wa kuvuka. Kama hamkupewa, Hong Kong iwe mwisho wa safari, mzigo ukishapakiwa.

2. WhatsApp na Google zimefungwa kule. WeChat, ya kuchati na Wachina, na VPN, ya kufungulia zilizofungwa, weka ukiwa bado Dar, na Alipay, ya kulipia kwa simu, uiunganishe na kadi yako ya benki.

3. Ukilala hotelini wao ndio wanakusajili polisi. Ukilala kwa ndugu, nenda kituoni mwenyewe ndani ya saa 24. Vijana wengi mnaona aibu kumsumbua mwenyeji, msumbueni.

4. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia Januari au Februari, na viwanda hufunga kwa wiki kadhaa. Oda ya nguo za Idi usiipeleke kiwandani wiki ya mwisho kabla hawajafunga, utajibiwa "ndiyo, ndiyo" na fundi ameshapanda treni kwenda kwao. Na ukumbuke meli nayo inataka mwezi na zaidi.

5. Futi ya fundi cherehani iwe mfukoni. Pima kifua na nyonga, lebo achana nayo. Fungua robota kabla ya kumaliza malipo, muuzaji akinuna mwache anune.

Kijana wangu Hong Kong ameiacha. Jana amenitumia picha: gauni la maua limelazwa juu ya kaunta, futi imepita kifuani, inasoma sentimita 56 kwa upande mmoja. Nimemjibu hilo zuri, sasa afungue la chini kabisa.