Uchumi ukiyumba, mbio za magari nazo?

Ndugu, umeuliza kama mdororo wa uchumi unagusa mbio za magari. Unagusa, tena haraka. Timu zinaishi kwa pesa za wadhamini na viwanda vya magari, na magari yakidoda, bajeti ya mbio haichelewi kukatwa. Desemba 2008, uchumi wa dunia ukiwa umeyumba, ndani ya mwezi mmoja Honda walijitoa Formula 1 (F1, mbio kubwa kabisa za magari duniani), Subaru na Suzuki wakaaga rali za dunia. Mwaka 2009 BMW na Toyota wakatangaza kuondoka F1. Kichekesho ni ile timu ya Honda: bosi wake, Ross Brawn, aliichukua kwa pauni 1, wakafunga injini ya Mercedes kwenye gari jeupe lisilo na matangazo ya maana, na dereva wao Jenson Button akabeba ubingwa mwaka huohuo! Wafanyakazi kibao wa timu hiyo walipunguzwa hata hivyo.