Jibu: Simu za ofisini zinakatakata mchana ilhali intaneti ina kasi

Mkuu, umesema simu zenu za IP (zinazopita kwenye intaneti) zinakatakata mchana, wanaolalamika ni wa upande wa pili, na kipimo cha kasi kinaonyesha Mbps 20. Usiilaumu kasi: simu moja ya G.711 (mfumo wa kugeuza sauti kuwa data) inakula takriban kbps 87 tu kila upande. Kwa kuwa ninyi mnawasikia vizuri, shida itafute kwenye njia ya kutoka, yaani kupakia.

Chukua kompyuta iliyounganishwa kwa waya, iache ikipiga ping kwenye seva ya simu (yaani itume ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu kurudi), kisha mtu apakie faili kubwa. Muda ukiruka kutoka milisekunde 30 hadi mamia, foleni imejaa na pakiti za sauti (vipande vya data) zinasubiri nyuma ya faili. Washa QoS (mpangilio wa kutanguliza data fulani) kwenye ruta, sauti ipewe alama ya DSCP 46 inayoonyesha kuwa itangulizwe, halafu weka kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Hicho kikomo wengi hukiruka, na bila hicho QoS haifui dafu, maana foleni inahamia kwenye modemu ambako ruta yako haina amri.

Ping ikitulia muda wote, rekodi simu kwa Wireshark, programu ya kunasa data ya mtandao, uangalie mitiririko ya RTP, yaani data inayobeba sauti. Ila ukirekodi hapo ofisini, sauti inayotoka itaonekana safi hata kama inaharibika njiani. Mwombe msimamizi wa seva arekodi kwake. Pakiti zinazopotea zikizidi asilimia 1, peleka ushahidi huo kwa mtoa huduma wenu.