Maswali na Majibu: Mtambo wetu wa kinywe unafanya kazi, mbona tumenyimwa ruzuku?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Sisi ni vijana watatu wenye karakana hapa Moshi. Tumeunda mtambo mdogo wa kutenganisha kinywe (grafiti, aina ya kaboni) na mwamba kwa njia ya povu. Tunatumia kifusi cha Mererani ambacho wachimbaji wa tanzanite wanakitupa; tunakichagua na kukipakia kwa mkono. Tuliandika andiko la kuomba ruzuku ya ubunifu katika madini ya kimkakati, shilingi milioni 80, tujenge mtambo mkubwa na baadaye tuzalishe kinywe cha betri. Tumekataliwa. Barua inasema ushahidi wa kiwango cha utayari wa teknolojia hautoshi, nasi tulijaza kiwango cha 7. Watu wameuona mtambo ukifanya kazi, sasa ushahidi gani tena? Na zile fedha za Kanada na Ulaya tunazozisikia, zinaweza kutufikia? Tuombe hataza (ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi) kwanza?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Poleni. Wazo lenu ni zuri na ningependa lifike mbali, kwa hiyo nitawajibu bila kuzunguka.

Fedha ya umma ya ubunifu hailipii mtambo. Inalipia jibu la swali la kitaalamu ambalo bado halijajibiwa, na mtambo ni chombo cha kulipatia jibu hilo. Anayesoma andiko lenu anatafuta mambo matatu: nini kimeshathibitishwa, nini bado, na hizo milioni 80 zitathibitisha kipi. Ninyi mmemwambia kila kitu kimeshathibitishwa, kisha mkamwomba fedha. Akikuta hakuna jedwali la vipimo hata moja, hana pa kuanzia kuwatetea mbele ya wenzake.

Vipimo vya utayari wa teknolojia, vilivyoanzia shirika la anga la Marekani, NASA, vina ngazi 9. Ngazi ya 4 ni kitu kilichofanya kazi katika hali ya maabara. Ya 5 na ya 6 ni pale kinapojaribiwa katika mazingira yanayofanana na ya kazi halisi, ya 6 ikiwa ni mtambo wa mfano uliokamilika. Ngazi ya 7 ni mtambo wa mfano unaofanya kazi mahali pa kazi penyewe, kwa mzigo wa kawaida na maji ya pale pale. Kwa maelezo yenu, mnapakia mzigo mkono kwa mkono karakanani, tena mzigo mliouchagua. Hiyo ni 4. Andikeni 4 bila aibu, kisha ombeni fedha za kufika 6. Andiko la namna hiyo linaaminika kuliko linalodai 7.

Sasa huo ushahidi. Unaanza na sampuli, na hapa ndipo kazi nyingi za karakana zetu zinapoharibika. Kifusi cha Mererani hakilingani: shimo moja linatoa mwamba uliojaa kinywe, la jirani linatoa mawe ya chokaa. Mkichota ndoo mbili upande mmoja wa rundo, matokeo yenu ni ya ndoo hizo mbili tu. Chukueni sehemu nyingi za rundo, vunjeni mawe, changanyeni kwa koleo, rundikeni, bapazeni, gaweni robo nne, chukueni robo mbili zinazotazamana, kisha rudieni mpaka mfikie kiasi cha maabara. Pigeni picha na andikeni tarehe kila hatua.

Baada ya hapo fanyeni mizania ya uzito. Tuseme kwa mfano mmeingiza kilo 200 za kifusi chenye kaboni asilimia 6. Ndani yake mna kilo 12 za kaboni. Mkatoa kilo 10 za kinywe chenye kaboni asilimia 92, yaani kilo 9.2. Mmeokoa kama asilimia 77, na kilo 2.8 lazima ziwe zimebaki kwenye kilo 190 za marudio (mabaki yanayotoka mtamboni), sawa na karibu asilimia 1.5. Sasa pelekeni marudio yenyewe yapimwe. Yakionyesha asilimia 3, basi yana kilo 5.7, na jumla yenu ni kilo 14.9 kutoka kwenye mzigo uliokuwa na 12. Hapo kuna sampuli iliyokosewa au mizani mbovu, na msomaji wa andiko ataliona hilo kabla hajamaliza ukurasa. Mizania inayofunga, iliyorudiwa angalau mara tatu kwa mizigo tofauti, ina nguvu kuliko picha yoyote ya mtambo.

Kuna mtego mmoja wa maabara. Miamba ya Mererani ina kalisaiti na mawe mengine ya chokaa, nayo yana kaboni yake. Mkiomba kipimo cha jumla ya kaboni, ile ya chokaa inahesabiwa pamoja na ya kinywe, kisha inaishia kwenye marudio, na mtambo wenu unaonekana unapoteza kinywe kumbe haupotezi. Mnajidhulumu wenyewe. Ombeni kaboni ya kinywe peke yake, sampuli ikiwa imeoshwa kwa asidi kwanza. Maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, iko Dodoma. Waulizeni njia wanayotumia kabla ya kulipia.

Jingine ambalo halimo kabisa kwenye maelezo yenu ni ukubwa wa magamba, yaani vipande bapa vya kinywe. Soko la kinywe linalipia usafi, na linalipia pia ukubwa wa gamba. Magamba yanayobaki juu ya chekeche la maikroni 300 (milimita 0.3) yana bei ya juu, yanayobaki kwenye 180 yanafuata, na ya chini ya 150 ni ya bei ndogo. Mafundi wetu wengi wamejifunzia kwenye dhahabu, ambako karasha inasaga mpaka unga ili chembe zifunguke. Kwa kinywe, kusaga hivyo ni kusaga pesa. Inatakiwa kusaga kidogo, kuelesha (kukipandisha kinywe juu kwa povu), kutoa magamba makubwa, kisha kusaga upya kilichobaki na kuelesha tena. Leteni jedwali la uzito na usafi kwa kila chekeche. Ikiwa karasha yenu inaokoa magamba makubwa kuliko ya kawaida, huo ndio ubunifu wenu, na mmeufunika kwa maneno ya betri.

Kuhusu betri, naomba muiondoe kwenye andiko hili. Kinywe cha betri kinahitaji usafi wa asilimia 99.95, magamba yaviringishwe, na sehemu kubwa ya mzigo hubaki kama vumbi katika kuviringisha. Kusafisha kufikia hapo hutumia asidi kali sana, mara nyingi ya hidrofloriki, au joto la zaidi ya nyuzi 2,500. Asidi hiyo inapenya ngozi na kuua, na sitaki kuisikia ndani ya karakana ya mtaani. Kinywe cha asilimia 90 na zaidi kina wanunuzi wake: viwanda vya kuyeyusha chuma, matofali ya tanuri, vilainishi. Jengeni hoja yenu hapo.

Pa kupeleka. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inasimamia mfuko wa MTUSATE unaotoa ruzuku za utafiti na ubunifu. Mashindano ya ubunifu ya MAKISATU, yaliyoanza 2019, ni mlango mwingine, hasa kwa wabunifu wasio na shahada. Ila msiende peke yenu. Hapa Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, yenye watafiti wa vifaa na maji, na kuna TEMDO, shirika la serikali la usanifu wa mitambo. Barua ya taasisi moja inayosema itapima na kukagua matokeo inaziba pengo lile lile mlilokataliwa nalo. Andikeni pia mchango wenu: karakana, saa za kazi, vyuma mlivyokwisha kununua. Mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake, iacheni mpaka wakati wa kuuza, kwa sababu jaribio linaweza kushindwa na mkopo unarudishwa vilevile.

Kanada ilitangaza mkakati wake wa madini ya kimkakati Desemba 2022 ukiwa na dola za Kanada bilioni 3.8, lakini lengo lake ni kujenga viwanda vyao. Ulaya ni tofauti kidogo. Sheria yao ya malighafi muhimu ya 2024 inalenga kuchakata kwao asilimia 40 ya mahitaji yao ifikapo 2030, ila katika programu ya utafiti ya Horizon Europe taasisi za Tanzania zinaruhusiwa kulipwa zikiwa ndani ya kundi lenye washirika wa Ulaya. Karakana yenu inaweza kuingia kupitia chuo, tena kama mahali pa majaribio. Jedwali lile lile la mizania ndilo litakalowafungulia.

Hataza. Ndugu wawili wa familia ya Bessel, wa Dresden, Ujerumani, walipata hataza ya kuelesha kinywe mwaka 1877. Povu lenyewe si jipya, na hamtalipatia ulinzi. Labda mpangilio wa karasha na machekeche yenu ni mpya. Kama mnaamini hivyo, pelekeni maombi BRELA, wakala wa serikali wa usajili, kabla ya kuuonyesha kwenye banda la Nane Nane, kwa kuwa kilichokwisha kuwekwa hadharani kinaweza kupoteza sifa ya upya.

La mwisho mmelisahau kabisa: kifusi ni cha nani? Kutupwa na mchimbaji hakukifanyi kuwa mali yenu. Kiko ndani ya eneo la leseni yake, ndani ya ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa 2018, na mzigo hautoki pale bila Tume ya Madini kuridhia. Mnahitaji mkataba wa maandishi na mwenye leseni, na leseni ya uchenjuaji kwa kuwa mnashughulikia mzigo wa wengine. Mwamba huo pia una pairaiti, madini ya chuma na salfa, ambayo marudio yakikaa mvuani hutoa maji yenye asidi, kwa hiyo ongeeni na NEMC, baraza la taifa la mazingira, mapema kuhusu bwawa la marudio. Ambatisheni mkataba huo kama kiambatisho cha kwanza cha andiko jipya, mbele ya wasifu wenu. Mizania tatu zikishafunga, nitumieni majedwali niyapitie kabla hamjayawasilisha.