Umepiga picha jani lipi? Maswali ya wasomaji kuhusu simu na muhogo

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Nina ekari moja na nusu ya muhogo, umri miezi minne. Kijana wangu ameniwekea kwenye simu programu ya Nuru, inayotambua ugonjwa kwa picha ya jani. Mmea uleule mmoja, jani la kwanza inasema mzima, la pili batobato, la tatu tanabuu. Nishike lipi? Halafu mwaka jana shamba lilikuwa safi kwa juu, lakini kung'oa, mihogo ndani ina mabaka ya kahawia. Simu ingeniambia? (Msomaji, Mkuranga)

JIBU: Usishike jani moja. Nuru ilitengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na watafiti wa IITA (Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki), na ikishawekwa kwenye simu inapima jani hata pasipo mtandao. Majaribio ya shambani yaliyochapishwa 2020 yaliipa usahihi wa asilimia 65 kwa jani moja. Ilipopimwa kwa majani sita ya mmea mmoja ilipanda hadi kati ya 74 na 88. Maafisa ugani waliopimwa walipata 40 hadi 58, wakulima 18 hadi 31. Kwa hiyo simu si ya kudharau, ila ipe majani ya kutosha.

Kila ugonjwa una makao yake kwenye mmea. Batobato, ugonjwa wa virusi, hukaa juu, kwenye majani machanga: mabaka ya njano au meupe yamechanganyika na kijani, jani limejikunja, upande mmoja mdogo kuliko mwingine. Tanabuu, yaani utitiri wa kijani, naye hupenda hukohuko juu, ndiyo maana simu inawachanganya. Alama zake ni vidoa vidogo kama vya ncha ya sindano, na jani husinyaa. Ligeuze utazame chini: ukiona vijidudu vidogo vya kijani vinatembea, huyo ni tanabuu. Michirizi kahawia, ugonjwa wa virusi unaoozesha mihogo, ni habari nyingine. Hujitokeza kwenye majani ya chini yaliyokomaa, unjano ukifuata mishipa, na jani halijikunji. Anayepiga picha za juu tu hatauona kamwe.

Fanya hivi. Nenda asubuhi, futa kioo cha kamera (vumbi na jasho huharibu kazi kuliko watu wanavyodhani), na ulitie jani kivuli kwa mwili wako. Usilichume. Lijaze kwenye picha, vidole visionekane. Tembea shamba kwa msalaba, kona hadi kona, mimea 15 kila mstari, jumla 30. Yote itazame kwa macho. Mmea unaoutilia shaka upige picha majani matatu ya juu na matatu ya chini. Andika daftarini: ikiwa sita kati ya 30 inaumwa, shamba lina asilimia 20.

Kuhusu mihogo ya mwaka jana: hapana, huenda simu isingekuambia. Kuna aina za muhogo ambazo michirizi kahawia huozesha mihogo huku majani yakionyesha kidogo sana, na kiangazi majani ya chini hupukutika na ushahidi wote. Ng'oa mimea michache, kata kila muhogo vipande kuanzia kichwani hadi mkiani, utazame nyama. Na mimea safi ifunge kitambaa sasa hivi, majani yakiwa bado yanasema, ili pingili za msimu ujao zitoke hapo tu. Nzi weupe hueneza ugonjwa, lakini anayeuvusha wilaya hadi wilaya ni mtu aliyebeba pingili.

SWALI: Shikamooni. Nimefunza modeli ya akili mnemba (programu inayojifunza kutambua magonjwa) kwa picha 3,000 za majani ya muhogo kutoka mashamba manne. Kwenye kompyuta inapata asilimia 97, shamba jipya inakosea karibu nusu. Niongeze picha? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Picha zaidi za mashamba yaleyale hazitakufaa. Hata wakubwa yamewapata: utafiti wa 2016 uliotumia picha 54,306 za mazao 14 ulifikia asilimia 99.35, lakini kwenye picha zilizopigwa katika mazingira tofauti ukaporomoka hadi 31 na kitu.

Kwanza tazama ulivyogawa picha. Kama mmea mmoja uliupiga mara kumi kisha ukachanganya zote, saba zimeingia kwenye mafunzo na tatu kwenye jaribio. Huo ni mtihani uliovuja. Gawa kwa shamba: matatu yafunze, la nne lipime, halafu zungusha mara nne. Namba itashuka, na hiyo ndiyo namba yako halisi.

Pili, huenda modeli haitazami jani. Ikiwa picha zote za batobato zilitoka penye udongo mwekundu, imejifunza udongo mwekundu. Chukua picha 50, ziba jani kwa mraba mweusi, uilishe mandhari peke yake. Ikiendelea kujibu "batobato" bila wasiwasi, umemshika mwizi.

Tatu, usiripoti usahihi wa jumla tu. Kwenye mimea 100 yenye wagonjwa wanane, modeli inayosema "mzima" kila mara ina usahihi wa asilimia 92 na haina faida yoyote. Toa hesabu ya kila ugonjwa: kati ya wagonjwa wa kweli, imewakamata wangapi? Ukitumia picha za muhogo za Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, zilizo huru kwa umma, zaidi ya 21,000, kumbuka zaidi ya nusu ni batobato. Ongeza na kundi la "si jani la muhogo", la sivyo ukiionyesha kandambili itakutajia ugonjwa.

SWALI: Kikundi chetu kinauza makopa (muhogo mkavu). Tuna bei za kila mwezi kwa miaka miwili. Akili mnemba itatutabiria bei? (Kikundi, Lindi)

JIBU: Hizo ni namba 24, chache mno. Anzeni na kipimo rahisi: bei ya mwezi huuhuu mwaka jana. Modeli isiyoishinda hiyo haina kazi. Na kabla ya yote, pimeni kwa kilo. Daftari lenye "gunia" tu, mara la kawaida, mara lumbesa (lililojazwa kupita kiasi), litaonyesha bei imepanda kumbe ni gunia lililonenepa.