Jino halisubiri mwisho wa mwezi

Maswali ya wasomaji kuhusu afya ya kinywa na meno

Kati ya barua za mwezi huu nimechagua tatu ambazo, ingawa zimetoka mikoa mitatu tofauti, zinauliza jambo moja: mtu afanye nini jino linapomshika wakati mfukoni hamna kitu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni muuza vitumbua hapa Kilosa na nina watoto watatu. Gego langu la chini upande wa kulia lilitoboka tangu mwaka jana, na tangu mwezi wa Ramadhani limekuwa likiniamsha usiku. Nimekwenda duka la dawa mara tatu, na kila mara nimepewa amoksilini pamoja na dawa ya maumivu kwa shilingi 5,000. Nikimeza siku mbili maumivu hutulia, nami huacha vidonge vilivyobaki ili vinisaidie yakirudi. Wiki iliyopita jino liliacha kuuma lenyewe, ila kwenye fizi pameota kipele kinachotoa maji yenye ladha mbaya. Je, limepona? Jirani yangu anasema jino lenye uvimbe haling'olewi mpaka uvimbe uishe. Nimesikia pia kwamba kutibu mzizi, yaani kulisafisha jino ndani na kuliziba badala ya kuling'oa, ni ghali mno, na fedha niliyonayo ni mtaji wa unga na mafuta. Mwanangu wa miaka 8 naye ameanza kuwa na kitobo kidogo kwenye gego. – Muuza vitumbua, Kilosa

JIBU: Marahaba, mama. Jino lako halijapona, limekufa. Ndani ya kila jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo unapokuwa bado mbali na kiini, maji baridi huchoma kwa sekunde chache kisha maumivu hupotea, na hapo jino linaweza kuzibwa kwa gharama ndogo. Uozo ukikifikia kiini, kinavimba ndani ya kuta ngumu zisizotanuka, na ndiyo maana maumivu hupwita, hukaa muda mrefu, na huzidi usiku mtu anapolala kwa kuwa damu huelekea zaidi kichwani. Mwishowe kiini hufa, mshipa wa fahamu nao hufa, na mgonjwa hushukuru kwa kudhani amepona, kumbe vijidudu vimeteremka hadi kwenye ncha ya mzizi na kutengeneza usaha ndani ya mfupa. Kipele unachokiona ndicho mlango ambao usaha huo umejitobolea. Kwa kuwa mlango uko wazi huumwi. Ukizibika, maumivu yatarudi, na pengine yakiwa na uvimbe.

Sasa kuhusu vidonge. Amoksilini husafiri kwa njia ya damu, na jino lililokufa halina tena damu ndani yake. Dawa huweza kupunguza maambukizi yaliyosambaa pembeni, lakini chanzo kilichomo ndani ya jino haikifikii, hata ukimeza kwa mwaka mzima. Kumeza siku mbili na kuweka akiba vilivyobaki ni kubaya zaidi, kwani siku utakapoihitaji dawa hiyo kwa nimonia yako au ya mtoto, huenda vijidudu vikawa vimekwisha kuizoea. Hesabu ya fedha nayo ni hii: umekwisha kulipa shilingi 15,000 na bado una jino lile lile. Kabla ya kurudi dukani mara ya nne, nenda hospitali ya wilaya ukaulize tu bei ya kung'oa; nadhani utashangaa kuona jinsi viwango hivyo viwili visivyopishana sana.

Uliza kabla hujakaa kwenye kiti. Ulizia kila kitu peke yake: kadi na kumwona daktari, picha ya mionzi kama itahitajika, na kung'oa pamoja na sindano ya ganzi. Kama una kadi ya bima, uliza dirishani ni huduma zipi za meno zinazolipiwa. Kisha mwambie daktari bila haya: "Leo nina kiasi hiki, ni kipi kisichoweza kusubiri?" Katika miaka yangu yote ya kazi waliowahi kuniuliza hivyo ni wachache. Wengi huitikia kwa kichwa ninapotaja gharama, huaga kwa adabu, na hawaonekani tena mpaka shavu limevimba. Daktari aliyeulizwa ana mengi ya kutoa: anaweza kulifungua jino usaha utoke, akaweka dawa na kifuniko cha muda, nawe ukapata wiki kadhaa za kutafuta fedha iliyobaki.

Kuhusu kung'oa au kutibu mzizi, nitasema wazi ninavyoona, ingawa wenzangu wengine watanilaumu. Kama lingekuwa jino la mbele ningekusihi ujinyime ulitibu. Lakini gego la nyuma lililotoboka muda mrefu, kwa mama anayeishi kwa mtaji wa siku, ambalo matibabu yake huhitaji kurudi mara kadhaa na mara nyingi kofia ya jino juu yake, ningeling'oa. Hasara ipo: utatafuna zaidi upande mmoja, na baada ya miaka meno ya jirani huweza kuinamia pengo. Hasara hiyo huja polepole, wakati usaha ulio mfupani hauna ahadi na mtu.

Jirani yako hana ubaya, ila amekosea. Ni kweli kwamba ganzi hushika kwa shida mahali penye usaha, na pengine huko ndiko kauli yake ilikotokea. Daktari humaliza tatizo hilo kwa kupiga sindano mbali kidogo, kwenye shina la mshipa. Uvimbe ni sababu ya kuharakisha. Aliyekuambia usubiri asije akakushauri pia uende kwa fundi wa mtaani anayeng'oa kwa bei ya kutupa. Koleo lisilochemshwa ipasavyo hubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI kutoka kinywa hadi kinywa, na ugonjwa huo hauna bei ya kutupa.

Maumivu yakirudi kabla hujapata nafasi, meza parasetamo ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6, bila kuzidi vidonge 8 kwa siku. Kama huna vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, ujauzito wala pumu inayoamshwa na dawa za aina hii, unaweza kuongeza ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula. Dawa hizi mbili zikitumika pamoja hutuliza maumivu ya jino vizuri kuliko wengi wanavyodhani, na zote ni za bei nafuu. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na lalia mto wa juu. Mafuta ya karafuu si ushirikina: yana kiambato ambacho sisi wenyewe tunakichanganya katika dawa za kuziba kwa muda. Tone moja kwenye pamba, ndani ya tundu, linatosha. Usipake kwenye fizi kwa maana huunguza. Aspirini iliyobandikwa fizini huunguza vibaya zaidi. Maji ya betri, petroli na ugoro nimeviona vyote vinywani mwa watu, na sikuona hata kimoja kilichosaidia.

Siku ya kung'oa ipange iwe ile ambayo hutakaanga, kwa kuwa kuinama juu ya jiko huweza kuanzisha damu upya. Ng'ata shashi kwa nusu saa bila kuchungulia, usisukutue hadi saa 24 zipite, na ikiwa siku ya tatu au ya nne maumivu yataongezeka badala ya kupungua, rudi. Hapo huwa damu iliyoganda imetoka na mfupa umebaki wazi, na dawa yake ni ndogo.

Mtoto ndiye atakayekuokolea fedha nyingi kuliko wewe mwenyewe. Kitobo kidogo kinaweza kusafishwa kwa vifaa vya mkono na kuzibwa kwa saruji maalumu ya meno, bila mashine, bila umeme na mara nyingi bila sindano. Mbinu hii ilianza kutumika hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kabla ya kuenea duniani, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Uliza kama wanaifanya hospitalini kwenu, na mpeleke mtoto siku hiyo hiyo utakayokwenda wewe, ili nauli iwe moja.

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Ninaendesha bodaboda Singida. Jino la mwisho chini liliuma siku nne, sasa uvimbe umeshuka hadi chini ya kidevu pande zote mbili na ni mgumu kama ubao. Mdomo haufunguki zaidi ya kidole kimoja, nina homa, na hata mate nayameza kwa shida. Fedha yote ya wiki hii ni ya marejesho ya pikipiki. Je, nikimeza antibayotiki naweza kuvuta hadi Jumatatu? – Dereva, Singida

JIBU: Ujumbe huu ulifika usiku ukiwa na namba ya simu, nami sikungoja gazeti lichapwe. Nilimpigia na kumwambia aende hospitali ya mkoa wakati ule ule, akiwa amekaa wima, na asiendeshe mwenyewe. Alilazwa, akapasuliwa usaha ukatoka, na jino likang'olewa. Ninalichapa swali lake kwa ajili ya mwingine ambaye anahesabu siku kama alivyokuwa akizihesabu yeye.

Maambukizi yakishuka kwenye sakafu ya kinywa pande zote mbili, ulimi husukumwa juu na nyuma, na njia ya hewa huweza kuziba ndani ya saa chache. Ukiona uvimbe unaoelekea shingoni au kufunga jicho, mdomo usiofunguka, mate yanayoshindikana kumezwa, sauti iliyobadilika, pumzi nzito, au homa kali pamoja na uvimbe wa uso, nenda hata kama huna senti. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa ina Ofisi ya Ustawi wa Jamii, ambayo kazi yake mojawapo ni kumsikiliza asiye na uwezo, kumpima hali yake na kupendekeza msamaha au malipo ya kidogo kidogo; barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji husaidia, na ndugu anaweza kuifuata mgonjwa akiwa tayari wodini. Dereva wetu alipitia huko, na marejesho ya pikipiki aliyaombea wiki mbili.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Wiki tatu zilizopita mwanafunzi wa miaka 11 aligongwa kwenye mpira, jino la mbele likatoka zima na mzizi wake. Tuliliosha kwa sabuni, tukalifunga kwenye karatasi, na wazazi wakampeleka hospitali keshoye walipopata nauli. Waliambiwa wamechelewa. Tungefanya nini? – Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, hili ni dharura ambayo tiba yake ya kwanza haigharimu kitu, mradi ifanywe pale pale uwanjani. Jino la ukubwani lililotoka zima hushikwa kwa upande wa kutafunia, haliguswi mzizi, husuuzwa kidogo kwa maji safi bila kusugua wala sabuni, kisha hurudishwa kwenye tundu lake na mtoto hung'ata kitambaa safi. Nusu saa ya kwanza ndiyo bora. Ikishindikana kulirudisha, litumbukizeni kwenye maziwa, kwa kuwa hulinda chembe hai za mzizi kuliko maji matupu, huku karatasi na hewa kavu vikiziua. Jino la utotoni halirudishwi, maana huweza kuumiza linalokuja nyuma yake. Baadaye daktari hulifunga kwa meno ya jirani kwa takriban wiki mbili.

Kwa mwanafunzi wako muda umepita, na kwa kuwa taya lake bado linakua, kinachofaa kwa sasa ni jino la bandia la kuvaa na kuvua, ambalo ndilo la gharama ndogo. Lakini kabla wazazi hawajalifikiria hilo, waombe daktari akague meno yaliyo kando ya pengo. Pigo lililotoa moja mara nyingi huwa limemjeruhi na jirani yake, na jeraha hilo hujionyesha baada ya wiki au miezi kwa jino kugeuka rangi ya kijivu.