Jina la BP lilitoka wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilipokuwa mdogo niliviona vituo vya mafuta vyenye herufi BP, na mzee mmoja akatuambia kwamba kampuni hiyo mizizi yake iko Uajemi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona inajiita ya Uingereza? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mzee huyo hakukosea. Mwaka 1901 Shah Mozaffar ad-Din wa Uajemi, ambaye hazina yake ilikuwa hoi, alimpa tajiri William Knox D'Arcy haki ya kutafuta na kuchimba mafuta kwa miaka 60 katika nchi yote isipokuwa majimbo matano ya kaskazini, ambako Urusi ilikuwa na sauti kubwa. Serikali ya Shah iliahidiwa pauni 20,000 taslimu, hisa za thamani hiyo hiyo, na asilimia 16 ya faida ya kila mwaka. Na faida hiyo, tusisahau, aliyeipigia hesabu ni mchimbaji mwenyewe.

Mafuta yalibubujika Mei 1908 huko Masjed Soleyman, wakati D'Arcy alikwisha kuokolewa na fedha za kampuni ya mafuta ya Burmah Oil, na mwaka uliofuata ikaundwa Anglo-Persian Oil Company. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza, kwa msukumo wa Winston Churchill aliyesimamia jeshi la majini, ilinunua zaidi ya nusu ya hisa, kwa sababu manowari zake zilikuwa zikiacha makaa ya mawe na kutumia mafuta. Kuanzia hapo, Mwajemi aliyedai haki yake kwa kampuni alikuwa anaidai dola ya Uingereza.

Jina lenyewe lina kichekesho chake. British Petroleum ilikuwa kampuni ya kuuza mafuta nchini Uingereza, lakini wenye mali walikuwa Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka ilikamatwa kama mali ya adui, na mwaka 1917 Anglo-Persian ikainunua. Hata hivyo kampuni mama haikulichukua jina hilo mara moja. Mwaka 1935 ilijiita Anglo-Iranian, kwa kufuata jina jipya la nchi. Bunge la Iran lilitaifisha mafuta mwaka 1951, Waziri Mkuu Mohammad Mosaddegh akapinduliwa mwaka 1953 kwa njama za Uingereza na Marekani, na mwaka 1954 kampuni ikarudi Iran ikiwa na asilimia 40 tu katika ushirika wa makampuni kadhaa. Ni mwaka huo huo ilipoiondoa Iran katika jina lake na kujiita British Petroleum.