Wasomaji Wanauliza: Winchester na wale maskini 70

Swali: Nasikia Winchester College ya Uingereza ilianzishwa kwa ajili ya watoto maskini. Ilikuwaje hadi ikawa shule ya wenye nazo? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ulichosikia ni kweli. William wa Wykeham, Askofu wa Winchester, alitoa hati ya shule hiyo mwaka 1382, na wanafunzi wakaingia kwenye majengo yake 1394. Tauni ya 1348 ilikuwa imefyeka mapadri, naye alitaka vijana wajuao Kilatini wa kushika nafasi zao. Wavulana 70 maskini wangesoma sarufi Winchester, kisha wapande New College, Oxford, aliyokwisha kuianzisha 1379. Chakula na mavazi yao vilitokana na mapato ya mashamba aliyoikabidhi shule.

Lakini kanuni zilezile ziliacha mianya miwili: watoto wa ukoo wa mwanzilishi walitangulizwa, na wana wa watu wakubwa, wasiozidi 10, waliruhusiwa kusoma kwa kujilipia. Mwanya huu wa pili ndio uliopanuka. Kufikia karne ya 19 walipaji walikuwa wengi kuliko wale 70, wakafunguliwa nyumba zao za bweni, ambazo leo ni 10. Karne hiyohiyo upendeleo wa ukoo ulifutwa, ukaja mtihani wa ushindani. Wengi hudhani hapo maskini alifunguliwa mlango. Sisi tunaona alifungiwa zaidi: mtihani ulidai Kilatini na Kigiriki, na aliyevimudu ni mtoto aliyekwisha kulipiwa shule ya kumwandaa kwa mtihani kama huo.

Swali: Ni kweli viranja wetu wa mabweni asili yao ni huko? (Mwalimu wa zamu, Nakuru)

Jibu: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kanuni za Wykeham ziliagiza kila chumba cha chini, na vilikuwa 6, kiwe na wanafunzi wasiopungua 3 waliowazidi wenzao umri na busara, wawasimamie. Thomas Arnold alisoma Winchester, na alipokuwa mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 aliutia nguvu utaratibu huo. Shule nyingine zikauiga, kisha ukafika makoloni.

Ubaya wake ni kwamba mkubwa alipewa mamlaka bila wa kumchunga, na wadogo wakawa watumishi wake. Walimu nao hawakuwa laini: fimbo ya Winchester ilikuwa vijiti 4 vya mtufaa vilivyofungwa kwenye mpini, na ukutani paliandikwa kwa Kilatini ujifunze, au uondoke, au uchapwe. Wanafunzi waliasi 1793, wakaasi tena 1818, safari hiyo wakaitiwa askari wenye singe.

Swali: Wasichana wanapokelewa? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Tangu 2022, kwa miaka miwili ya mwisho tu. Wa kwanza waliingia kama wanafunzi wa kutwa.